Msamaha wa kosa gani?

Mama mdogo alishuka na basi la alfajiri, mguu wa kushoto umevimba hadi kiatu kimegoma kuingia, mkononi kashika mfuko wa maharage ya kutuletea. Ana miaka 63 na hajawahi kuwa na bima ya aina yoyote. Saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya hospitali moja ya mkoa, ambayo sitaitaja kwa sababu habari hii ingeweza kutokea katika hospitali nyingine kumi bila kubadilisha hata koma. Tulipofika dirishani, kijana wa mapokezi hakuuliza anaumwa nini. Aliuliza, "Bima au keshi?"

Nikamwambia bima hakuna na keshi haitoshi, lakini mama kavuka miaka 60, na ukutani nyuma yake kuna bango linalosema wazee wapishwe wahudumiwe kwanza. Akageuka akalitazama lile bango kama limebandikwa usiku wa jana. "Hilo ni la foleni, kaka," akasema. "Mambo ya malipo nendeni Ustawi wa Jamii."

Ofisi ya Ustawi wa Jamii ilikuwa nyuma, ukipita chumba cha mionzi, na ilifunguliwa saa tatu na nusu. Dada tuliyemkuta alikuwa mpole, alimpa mama mdogo kiti na shikamoo kabla ya kitu kingine. Akaangalia kitambulisho cha NIDA, akaridhika na umri. Kisha akaomba barua ya mtendaji wa kijiji, yenye picha na muhuri, inayothibitisha kwamba mama hana uwezo. Mtendaji mwenyewe yuko saa saba za barabara kutoka pale. Umri ulikuwa na kitambulisho; umaskini ndio haukuwa nacho.

Tukalipa. Nililipa mimi mwenye mshahara, na kilichopungua kikatoka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lile ambalo kwa kawaida hutumika kwa misiba na salamu za Idi. Kumwona daktari, vipimo vya damu, utrasaundi ya mguu, dawa. Kati ya dawa nne zilizoandikwa, mbili zilikuwepo dirishani. Mbili tukaambiwa tukanunue nje, na "nje" maana yake ni maduka ya dawa yaliyopangana ng'ambo ya geti, ambayo sijawahi kuyaona yakipungukiwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria neno moja la hospitali zetu: msamaha. Mtu husamehewa kosa, dhambi au deni. Kwenye daftari la Ustawi wa Jamii mama mdogo angeandikwa mgonjwa wa msamaha. Kakosa nini? Kuzeeka? Na kinyume chake, sisi tunaolipa tunaambiwa "tunachangia", kama vile kwenye harusi. Ingawa kwa harusi za siku hizi usipochanga huingii ukumbini, kwa hiyo pengine waliochagua neno hilo walijua vizuri wanachokisema.

Uchangiaji una umri wa zaidi ya miaka 30. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa ya bure, na mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara ili afya isigeuzwe bidhaa. Lakini miaka ya themanini uchumi ulipoanguka, bure ikabaki na majengo: daktari yupo, kitanda kipo, dawa hakuna. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Julai 1993 uchangiaji ukaanza kwenye hospitali kubwa, kisha ukashuka hatua kwa hatua hadi wilayani. Ili maskini wasiachwe nje, misamaha ikawekwa pamoja nao.

Misamaha hiyo ni ya aina mbili, na kwa kuwa Kiswahili chetu kinaziita zote kwa jina moja, wengi hatuzitofautishi. Ya kwanza inafuata kundi: wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, wenye kifua kikuu, ukoma, VVU, saratani, selimundu, kisukari, magonjwa ya akili na mengine sugu. Hapa fedha zako haziulizwi, unaulizwa hali yako tu. Ya pili inafuata mfuko: mtu asiye katika kundi lolote lakini hana kitu. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wamewekwa katikati, mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu sera inawataja kwa kundi halafu inaongeza maneno matatu: "wasio na uwezo". Maneno hayo matatu ndiyo yaliyompandisha mama mdogo ngazi kwenda Ustawi wa Jamii na mguu wake uliovimba.

Ukisoma orodha hiyo Sera ya Afya inaonekana kuwa na moyo mkubwa. Nami sidhani kwamba walioiandika walikuwa wanafiki, wala sidhani yule kijana wa dirishani ana roho mbaya. Ugonjwa wa mfumo huu uko kwenye hesabu, na hesabu zake mtu yeyote aliyewahi kuwa na genge la nyanya anaweza kuzielewa.

Chukua mfano wa kubuni. Kituo cha afya kinanunua dozi ya dawa kutoka Bohari ya Dawa kwa Sh 3,000 na kuitoa kwa mgonjwa kwa Sh 4,000. Kila anayelipa anaacha Sh 1,000 juu ya gharama. Sasa aje mgonjwa wa msamaha achukue dozi ileile. Kituo kimepungukiwa Sh 3,000, na ili kuirudisha wanahitajika wagonjwa watatu wa kulipa. Kwenye zahanati ya kijijini, ambako asubuhi nzima benchi limejaa kina mama wajawazito na watoto wachanga, hao watatu watatoka wapi? Mwisho wa mwezi fedha ya kununua shehena mpya haitoshi. Rafu inakuwa tupu. Kuanzia hapo anayelipa na asiyelipa wote wanaandikiwa karatasi ya kwenda kununua nje, na tofauti yao ni kwamba mmoja ana hela ya kufanya hivyo.

Msamaha, kwa maneno mengine, unatangazwa Dodoma na unalipwa na rafu ya dawa ya zahanati. Ni kweli kwamba serikali inalipa mishahara, inajenga, inapeleka mgao wa dawa, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya imekuwa ikiingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo badala ya kuzungukia halmashauri. Hilo lilikuwa jambo jema, na waganga wafawidhi, yaani wakuu wa vituo, niliozungumza nao wanalisifu bila kulazimishwa. Lakini fedha hizo hazihesabiwi kwa kichwa cha mgonjwa aliyesamehewa. Ukisamehe watu 10 au 1,000, kilichoingia ni kilekile.

Juu ya hapo tukaongeza shinikizo jingine. Mifumo ya kielektroniki ya hospitali ilipoingia, wizi wa fedha dirishani ukapungua na makusanyo yakapanda, na hapo hakuna mtu mwenye akili atakayelalamika. Ila makusanyo yakageuka kuwa kipimo cha mganga mfawidhi. Kwenye vikao anasimama anayesema mapato ya hospitali yamepanda, anapigiwa makofi. Sijawahi kusikia mtu akipigiwa makofi kwa kusema mwaka huu nimesamehe wagonjwa wengi zaidi. Kwa hiyo usishangae orodha ya misamaha ukiikuta imebandikwa kwenye korido isiyopitwa, wakati bei za vipimo ziko palepale dirishani kwa herufi kubwa.

Kuna bure nyingine ambayo haina mizengwe hii. Nenda na kikohozi cha wiki tatu kwenye kliniki ya kifua kikuu. Utapimwa makohozi, ukikutwa nacho utaanza dawa, na hakuna atakayekuuliza barua ya mtendaji. Chanjo za watoto ni hivyohivyo. Dawa za kufubaza VVU ni hivyohivyo. Tofauti yake na dawa ya presha si ukarimu wa muuguzi. Dawa hizo zimeshalipiwa kabla hazijafika kituoni, na mganga mfawidhi akizitoa hapungukiwi kitu. Tena akibaki nazo zikaisha muda ndipo anaulizwa. Mtu yuleyule, kwenye jengo lilelile, anakuwa na sura mbili kulingana na nani amelipa bili ya shehena.

Sehemu kubwa ya bili hiyo imekuwa ikilipwa kutoka nje, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake tulionjeshwa maana ya jambo hilo. Watu wanaoishi na VVU walikuwa wakiulizana kama mwezi ujao dozi itakuwepo. Bure ya kukopa ina mwenye nayo, na mwenye nayo anaweza kuamka vibaya.

Mfano unaonivutia kuliko yote uko Msasani, Dar es Salaam. Hospitali ya CCBRT inatibu fistula ya uzazi bila malipo. Mwanamke aliyepata tatizo hilo baada ya uchungu wa siku mbili tatu anavuja mkojo muda wote, mara nyingi kafiwa na mtoto, mara nyingi kaachwa, na kijijini wanamkwepa. Upasuaji wa bure upo, hospitali inajulikana, unatarajia wajipange getini. Hawakuja kwa idadi iliyotarajiwa. Wengi hawakujua kwamba hali yao ina tiba, na waliojua hawakuwa na nauli. Kwa mtu wa Kigoma au Rukwa, upasuaji wa bure Msasani una bei, na bei yake ni tiketi ya basi, chakula cha njiani na mahali pa kulala.

Walichofanya ni kutafuta mabalozi huko mikoani, watu wa kawaida na wahudumu wa afya, ambao wakimpata mwanamke mwenye dalili wanapiga simu. Tangu mwaka 2009 nauli yake inatumwa kwa M-PESA kwa balozi, balozi anakata tiketi na kumpandisha basi, na mgonjwa akifika, balozi naye anapata kitu kidogo kwa usumbufu. Ukitazama kwa makini, wamegeuza kila kitu ambacho Ustawi wa Jamii yetu hufanya. Mgonjwa hatakiwi kujithibitisha, anatafutwa. Gharama ya njia inahesabiwa kuwa sehemu ya matibabu. Na mtu wa katikati analipwa kwa kumfikisha mgonjwa, wakati kwenye mfumo wa kawaida mtu wa katikati anabaki salama kwa kumrudisha.

Sasa nirudi kwenye ile barua.

Hoja ya wanaoitetea inaeleweka: bila barua, kila mtu atasema hana. Ni kweli, tunajuana. Nimeona mtu kashuka kwenye gari lake, kaliacha nje ya geti, kaingia anachechemea kuomba msamaha wa mzazi wake. Lakini angalia barua yenyewe inampima nani. Mwenye gari anamjua mtendaji, pengine ni rafiki yake wa kijiweni. Barua ataipata kwa simu moja na itatumwa kwa WhatsApp kabla chai haijapoa. Kibarua wa shamba la mkonge aliyeanguka Jumamosi usiku atasubiri hadi Jumatatu, na akifika ataambiwa mtendaji yuko kikao cha kata. Kuna sehemu barua ni bure kabisa na kuna sehemu inaombwa "hela ya karatasi". Chujio hili linashika samaki wadogo.

Kosa kubwa zaidi ni la wakati. Tunamwuliza mtu kama ni maskini siku ambayo ana homa, ana mtoto mgongoni na hana nguvu ya kubishana. Umaskini wake haukuanza siku hiyo. Kijiji kinaujua. TASAF, kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza muongo uliopita, ilishapita kwenye mikutano ya vijiji na mitaa ikaorodhesha kaya zaidi ya milioni moja. Orodha ina lawama zake, wapo walioingia kwa undugu na wapo waliostahili wakaachwa, lakini ni orodha iliyosomwa hadharani na watu wakabishana. Kwamba kaya iliyomo kwenye orodha ile bado inatakiwa kwenda kuomba barua ya kuthibitisha umaskini kwa mtendaji wa kijiji kilekile kilichoiorodhesha, hilo sijapata mtu wa kunielezea.

Majirani zetu Kenya wamejaribu njia nyingine. Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wao wa zamani wa bima ya afya. Mwenye ajira anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi anajibu maswali: paa la nyumba ni la nini, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mna mifugo mingapi. Mashine inakadiria kipato chake na kumtajia mchango, usiopungua Sh 300 za Kenya kwa mwezi, na kwa kuwa ulitakiwa ulipwe wa mwaka mzima kwa mkupuo, hata huo wa chini kabisa ukawa Sh 3,600 kwa pamoja. Malalamiko yakaja haraka: mama muuza mboga anakadiriwa juu, na hajui ni jibu lake lipi lililompandisha. Serikali ikabidi itafute utaratibu wa mkopo wa kulipia bima kidogo kidogo, na baadaye mpango wa kuwalipia wasiojiweza.

Mimi, kati ya mkutano wa kijiji na ile mashine, nachagua mkutano. Najua majungu ya mkutano wa kijiji, nimekulia humo. Lakini mwenyekiti anayepotosha jina la mtu anaweza kusutwa na bibi mmoja mwenye ulimi mkali akaumbuka mbele ya watu. Bibi huyo hawezi kuiumbua fomula.

Kuna gharama nyingine ya kukosea mlangoni, nayo huonekana mtu akitaka kutoka. Aliyeingia kwa dharura akalazwa bila kulipa, siku ya kuruhusiwa anaambiwa hatoki hadi deni liishe. Anabaki wodini amepona, analala kitanda ambacho mgonjwa mwingine anakihitaji, ndugu wanazunguka kuuza mbuzi. Baada ya wiki mbili, hospitali ikishakata tamaa, Ustawi wa Jamii wanamsamehe. Yaani msamaha ule ambao ungetolewa siku ya kwanza umetolewa siku ya 14, na deni limekua kwa gharama za kitanda. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya, katika shauri la wanawake waliozuiwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliamua kwamba kumshikilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake. Kwetu mjadala ulijikita zaidi kwenye maiti. Kwenye kampeni za 2025 Rais Samia aliahidi kupiga marufuku kuzuia miili ya marehemu kwa ajili ya madeni, na nadhani kila aliyewahi kukaa kikao cha msiba wa namna hiyo alielewa kwa nini ahadi hiyo ilishangiliwa. Lakini deni la marehemu halifutiki kwa amri; linahamia kwenye vitabu vya hospitali, na tumeshaona vitabu hivyo vinalipwa na rafu gani.

Bima ndiyo jibu linalotajwa kila mahali, nami siipingi. Ila nimeona inavyokwenda kwa watu wa kipato cha mama mdogo. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio Igunga katikati ya miaka ya tisini, ukapata sheria yake 2001, na toleo lake lililoboreshwa la 2018 liliweka Sh 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka. Fedha hiyo si nyingi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini kwenye Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini yake. Hata hivyo watu hawakujaa kwenye CHF, na sababu niliyoisikia zaidi haikuwa bei: "Nina kadi, dawa naambiwa nikanunue nje." Mkulima anajua kuhesabu. Kadi inayofungua mlango wa chumba chenye rafu tupu hainunuliwi mara ya pili.

Toto Afya Kadi, bima ya watoto, ilifia upande wa pili. Kwa Sh 50,400 kwa mwaka mtoto alitibiwa hadi hospitali kubwa, na wazazi wa watoto wenye maradhi mazito wakakimbilia kukata, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Wazazi wa watoto wazima wakasubiri. Mfuko ukawa unalipa kuliko unavyokusanya, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, watoto wakaambiwa wajiunge kupitia shule, kisha baadaye kifurushi kikarudishwa kwa sura nyingine. Katikati pale kuna wazazi walioamka wakakuta daraja limeondolewa wakiwa juu yake.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote nayo ilizungushwa kwa sababu ya malipo. Muswada ulipofika bungeni 2022, kiasi kilichokuwa kikitajwa kilikuwa Sh 340,000 kwa kaya ya watu 6, na swali lililousimamisha likawa: asiye nacho atalipiwa na nani? Ulipopitishwa Novemba 2023 ulikuja na majina ya vyanzo: vinywaji vyenye kaboni, vileo, vipodozi, michezo ya kubahatisha, bima za vyombo vya moto, miamala ya kielektroniki. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya sheria yenye uzito kuliko zote, na ndiyo ninayoifuatilia utekelezaji unapokwenda kwa awamu. Vipimo vyangu ni viwili tu. Je, fedha ya asiye na uwezo inafika kituoni kwa kichwa chake, siku alipotibiwa au karibu na siku hiyo? Na je, jina lake liliingia kwenye orodha kabla hajaugua? Yakitimia hayo mawili, kijana wa dirishani atafurahi kumwona mama mdogo, kwa kuwa mama mdogo atakuwa mteja anayelipiwa. Yasipotimia, tutakuwa tumebadilisha jina la msamaha.

Wakati huo wote ukisubiriwa, watu wanaumwa leo, na wapo wanaoniuliza wafanyeje. Nitasema nilichojifunza kwa kutembea korido. Nenda Ustawi wa Jamii kabla ya kupimwa, usisubiri bili. Kusamehewa kabla ni rahisi kuliko kufutiwa baadaye. Anza zahanati au kituo cha afya uandikiwe rufaa, maana kwenda mwenyewe hospitali kubwa ni kulipia njia ya mkato ambayo mara nyingi si ya mkato. Uliza ugonjwa wenyewe uko kwenye kundi gani, kwa jina: mwenye kisukari au selimundu hapaswi kujieleza umaskini wake kama mwenye kuvunjika mguu. Hospitali za makanisa zenye mkataba na serikali nazo zina misamaha, usizipite ukidhani ni za binafsi. Ukiambiwa dawa ukanunue nje, omba daktari aandike jina halisi la dawa badala ya jina la kampuni, bei inaweza kushuka sana. Na kama una mzazi kijijini aliyevuka 60, barua yake ya mtendaji ichukue sasa, akiwa mzima anapalilia, iwekwe kwenye kabati pamoja na kitambulisho.

Hilo la mwisho ndilo tulilofanya sisi. Mama mdogo aliporudi kliniki miezi miwili baadaye, mguu umepungua na kiatu kimeingia, alikuja na barua. Picha ipo, muhuri upo, sahihi ipo. Aliifuata ofisi ya kijiji mara mbili kuipata, kwa sababu mara ya kwanza mtendaji alikuwa kikao cha kata. Yule dada mpole akaisoma yote, akamsamehe, tukashukuru. Akaigonga barua muhuri wa hospitali, akaifungia kwenye faili lake, akasema kliniki ijayo mama aje na nyingine mpya.

Kliniki ijayo ilikuwa Novemba. Tukiwa tunatoka, mama mdogo akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu mle ndani anayedhani kufikia Novemba atakuwa ametajirika.